Jinsi ya kulea kambale wachanga wasikufie siku ya nne (tunavyofanya huku Bagamoyo)

Wadau habari za muda huu. Tangu kaskazi ianze nimeulizwa swali lile lile na watu kama wanne hivi wote wa huku huku Bagamoyo, mmoja Zinga, mmoja Kiromo, mwingine mama mmoja wa Magomeni ana matanki ya turubai uwani kwake, na wote hadithi yao ni moja, mayai ya kambale yameangua vizuri, beseni limejaa mpaka raha, siku ya pili wapo, siku ya tatu wapo, siku ya nne unaamka asubuhi unakuta wamelala chini weupee, wengi wameshakufa na waliobaki wanaelea elea tu. Yule mama akaniambia "mwanangu mie nimewapa kiini cha yai, nimewapa na unga wa dagaa, wamekataa kula". Hawajakataa mama yangu. Chakula hicho hawakiwezi, na kile wanachokiweza kilitakiwa kiwe tayari kabla hata mayai hayajakamuliwa. Hiyo ndo naomba niieleze leo kwa urefu, maana inaniuma kuona watu wanapoteza hela na usingizi kwa kitu ambacho kinazuilika.

Kambale ninayemsema ni huyu huyu wetu wa Ruvu, kitaalamu anaitwa Clarias gariepinus. Yai lake likisharutubishwa, maji yakiwa nyuzi 28 hivi linaangua baada ya kama saa 24, yakiwa ya baridi zaidi inaweza kwenda mpaka saa 36. Kanapotoka kana urefu wa milimita 5 mpaka 7 na uzito haufiki hata miligramu 2, na tumboni kamebeba kifuko cha kiini, hicho ndo chakula chake cha siku mbili tatu za mwanzo. Kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili usimpe kitu, anahitaji hewa na maji safi basi, ukimwagia chakula kinaoza chini na kumharibia maji bure. Siku ya tatu ndo uwe macho. Utaona wanaanza kuwa weusi weusi, wanaachana na lile rundo lao la kwenye kona na kuanza kuzunguka zunguka tanki zima, hapo kiini kinaisha na wanatafuta. Kuanzia hapo hesabu yako iwe ya masaa, maana akikaa na njaa muda mrefu anadhoofika mpaka hata ukimletea chakula kizuri hana nguvu ya kukishika.

Halafu kuna hili ambalo wengi hatulijui tunapoanza. Kambale wa siku tatu hana tumbo. Ana utumbo umenyooka tu, lile tumbo lenyewe linalosaga chakula kwa tindikali linakuja kuanza kazi siku nne tano baada ya kuwa ameshaanza kula. Sasa wewe unampa unga mkavu wa dagaa, ataushika ndio, utaingia utatoka vile vile na mwili haujapata kitu. Kiumbe hai kidogo ni laini, kina maji maji ndani, kinatikisika ndani ya maji na kugusa sharubu zake akakikamata, na utumbo wake unakimudu. Ndo maana nasema kiini cha yai la kuku ni tabia tuiache, kinachafua maji haraka kuliko unavyoweza kusafisha na faida yake ni ndogo sana, mimi nakitumia labda nimekwama kabisa na ni mlo mmoja tu.

Vyakula hai vya kutegemea ni viwili, moina na atemia. Ukiweza uwe navyo vyote, huna hela basi angalau moina.

Moina ni vile vidudu vidogo vya majini, ndugu zake dafnia, unaviona vinarukaruka kwenye dimbwi la maji ya kijani, vikiwa vingi maji yanakuwa kama yana wekundu fulani. Mkubwa wake anafika milimita 1 na watoto wake ni wadogo zaidi ya hapo, ndo saizi ya mdomo wa kambale wetu. Mimi tanki la moina naanza wiki nzima kabla ya kumchoma mama kambale sindano ya homoni, ile ya kukomaza mayai yake ili akamuliwe. Simtanki la lita 1,000 lililokatwa juu, au shimo lenye turubai, sehemu inayopata jua lakini isiwe jua la kuchoma kutwa nzima. Najaza maji, natia samadi kavu ya kuku kama gramu 400 kwenye mfuko wa gunia nafunga na kuning'iniza ndani kama majani ya chai, samadi ukiimwaga hivi hivi utakuja kupata tabu wakati wa kuvuna. Ukichanganya na ndoo moja mbili za maji ya kijani kutoka kwenye bwawa la perege inakuwa haraka zaidi. Baada ya siku mbili tatu maji yakianza kubadilika rangi unatia mbegu, yaani moina wenyewe, unawachota kwenye dimbwi lenye nao au unaomba kwa mtu anayewafuga. Samadi ya kuku waliokuwa kwenye dawa usiitumie.

Moina anaanza kuzaa akiwa na siku nne tano na akishaanza anazaa kila baada ya siku moja na nusu au mbili, kwa hiyo ndani ya wiki hadi siku kumi tanki limejaa. Wakishajaa vuna kila siku, kama robo hivi ya waliomo, maana usipovuna wanajazana, chakula kinawaishia na siku moja unakuta wote wamekufa kwa pamoja. Maji yakianza kuwa meupe kama ya kisima ujue wamemaliza kila kitu, wape hamira kidogo iliyokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu au badilisha mfuko wa samadi. Wakati wa kuvuna nakinga kwanza na kipande cha chandarua ili kishike viluwiluwi, mabuu wa kerengende na takataka, halafu kile kilichopita nakichuja kwenye kitambaa chepesi sana au soksi ndefu za kike, nasuuza kwa maji masafi, ndo nawapelekea. Hapo kwenye kerengende usifanye mchezo, yule buu wake anakula kambale mchanga mmoja baada ya mwingine na ukimpeleka kwenye tanki pamoja na moina umempeleka adui mwenyewe kwa mikono yako.

Atemia sasa. Huyu ni mdudu wa maji ya chumvi, mayai yake yanauzwa makavu kwenye kopo, mengi yanatoka kwenye ziwa la Great Salt Lake kule Utah, Marekani, na bei yake sio ndogo. Faida yake ni kwamba unajua siku na saa ya kupata chakula, unaweka leo saa 12 jioni kesho saa 12 jioni una watoto wa atemia, rangi ya chungwa, hawafiki hata nusu milimita. Wenzetu wa bara wanahangaika kupima chumvi ya kuchanganya, sisi watu wa pwani tumebarikiwa, unashuka ufukweni na dumu la lita 20 unachota. Chota maji yakiwa yamejaa na masafi, mbali na mdomo wa mto hasa kipindi cha masika, yachuje kwa kitambaa. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, yanafaa hivyo hivyo, mimi huwa naongeza sehemu moja ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwenye sehemu nne za bahari na naona yanaangua vizuri zaidi.

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ikate kitako, igeuze mdomo chini, ining'inize, pitisha mpira wa pampu ya hewa ufike mpaka chini kabisa kwenye shingo. Tia maji, tia mayai gramu 2 kwa kila lita, fungulia hewa kwa nguvu mpaka yawe yanapanda na kushuka bila kutulia, na weka taa karibu na chupa usiku wote kwa sababu bila mwanga hayaangui vizuri. Joto liwe nyuzi 28 hivi. Kesho yake ukitaka kuvuna zima hewa, funika sehemu ya juu ya chupa kwa kitambaa cheusi, mulika tochi kwa chini, subiri dakika kama kumi. Atemia hai wanafuata mwanga wanashuka, maganda yanaelea juu, mayai yaliyogoma yanazama kabisa kwenye kifuniko. Fungulia kidogo ile ya chini kabisa umwage, halafu kinga rangi ya chungwa yote kwenye kitambaa, simama kabla maganda hayajafika. Maganda yasiende kwa kambale, hayasagiki na yanaweza kuwazibia utumbo. Suuza kwa maji baridi, peleka. Usiwaache wametulia bila hewa muda mrefu, wanakufa haraka wakirundikana.

Na wape wakiwa wametoka kuangua, kwa sababu na wao wana kiini chao ndani, kila saa inavyopita wanakitumia, unakuwa unalisha kitu ambacho kimeshajila chenyewe. Wanaobaki waweke kwenye maji yao ya chumvi ndani ya friji, sio friza, mpaka mlo unaofuata. Mimi huwa nina chupa mbili, moja naianza jioni nyingine asubuhi, nakuwa na wapya mara mbili kwa siku.

Tahadhari moja kwenye manunuzi, iliwahi kunigharimu. Nilinunua mayai ya atemia yaliyopimwa kwenye nailoni kutoka kopo lililokuwa wazi, muuzaji kanihakikishia ni mapya, nikaja kuyaweka usiku ule ambao vifaranga, yaani hao kambale wachanga, wanahitaji kula, saa 24 zimepita hakuna kitu, maji ya kahawia tu, nikapoteza karibu uzao wote. Unyevu wa huku pwani unayaua haya mayai. Sasa hivi nanunua kopo lililofungwa, nikifungua nagawa kwenye vichupa vikavu vinavyobana vizuri, na lazima nijaribu kiasi kidogo wiki moja kabla. Yasipoangua nina muda wa kutafuta mengine.

Tukirudi kwa vifaranga wenyewe. Maji ya bomba yana klorini, yaache wazi siku nzima na pampu ya hewa ikipiga ndo uyatumie. Maji ya kisima yanatoka chini hayana hewa, nayo yapige hewa kwanza, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi chumvi kwa hiyo yaonje, kama unaona ni ya chumvi mdomoni tafuta mengine. Kina cha maji sentimita 20 kinatosha. Mimi naweka kama vifaranga 30 kwa lita, wapo wanaoweka wengi kuliko hapo wana mitambo ya kuzungusha maji, kwa sisi wa beseni na pampu moja tusijilinganishe nao. Mayai yakimaliza kuangua vifaranga wanapenya ule wavu mayai yalipotandazwa wanashuka chini, toa wavu na maganda na mayai mabovu haraka, yale meupe yaliyoota kama pamba ni ukungu na unahama. Funika tanki kwa turubai jeusi au magunia, kambale ni samaki wa giza, kwenye mwanga mkali wanarundikana kona moja kugombania kujificha na wale wa chini wanakosa hewa.

Mlo ni kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku, saa 8 usiku. Najua ni kazi, mie na mpwa wangu tunapokezana, yeye wa saa 4 mie naamka saa 8, na ni kwa wiki moja tu hii ya mwanzo. Kipimo usiniulize gramu, angalia matumbo. Umewapa atemia, baada ya dakika 20 chota wachache kwenye glasi nyeupe shika juu kwenye mwanga, matumbo yawe ya rangi ya chungwa. Kama nusu yao wana rangi na nusu hawana, ongeza, au kuna kona chakula hakifiki. Kama baada ya saa nzima bado unaona atemia wengi wanaogelea punguza mlo ujao, kwenye maji baridi atemia wanaishi masaa machache tu halafu wanakufa na kuoza chini. Moina hana shida hiyo, yeye anaendelea kuogelea mpaka aliwe, ndo maana mlo wa saa 8 usiku mimi napenda uwe wa moina.

Usafi, kila asubuhi na jioni kabla ya kulisha unafyonza uchafu chini kwa mpira mwembamba ule wa pampu, polepole, mdomo wa mpira ukielekeza kwenye ndoo nyeupe ili waliofyonzwa kwa bahati mbaya uwaone uwarudishe. Halafu unaongeza maji mapya, theluthi moja hivi kwa siku, na maji hayo yawe yamekaa chumba kile kile joto liwe sawa. Amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na chakula kilichooza, haina rangi, usisubiri maji yanuke.

Joto la maji nalisisitiza kwa ajili ya miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, usiku huku kwetu panapoa na beseni dogo linapoa haraka kuliko bwawa, likishuka chini ya nyuzi 25 vifaranga wanazubaa, hawali vizuri, atemia nao wanachelewa kuangua na ratiba yote inavurugika. Weka matanki ndani ya chumba, ziba madirisha ya upande wa upepo, wenye hita ya maji waiweke. Nyuzi 27 mpaka 30 ndo raha yao.

Na hewa jamani. Tunajua kambale anavuta hewa juu ya maji, anaishi hata kwenye tope, ila huyo ni mkubwa. Kile kiungo cha kupumulia hewa kinakua baadaye, karibu wiki mbili tatu, kabla ya hapo anategemea oksijeni ya ndani ya maji kama perege tu. Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika saa 7, tukakaa na mpwa wangu tunachota maji kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu mpaka adhana ya alfajiri, mikono imekufa ganzi lakini vifaranga walipona. Baada ya hapo nikanunua pampu ya betri, na kwa anayeanza namwambia anunue hiyo kabla ya vitu vingine. Ukiwaona wamesimama wima vichwa juu, hiyo ni hewa au maji machafu, badilisha maji muda huo huo, dawa baadaye.

Kuanzia siku ya tano ya kula ndo unaanza kuwafundisha unga, tumbo sasa limefunguka. Unga uwe laini kabisa kama wa poda, protini 50 kwa mia au zaidi, ule wa dukani wa vifaranga ni mzuri, ukitengeneza wa dagaa chekecha kwa kitambaa sio kwa chekecheo la jikoni. Nyunyiza kidogo kidogo dakika chache kabla ya chakula hai, wakiwa na njaa wanaujaribu, halafu ndo unawapa moina. Kila siku unga unaongezeka na moina anapungua, ikifika siku ya kumi ya kula hivi wapo kwenye unga moja kwa moja. Usiwakatie chakula hai ghafla kwa sababu kopo limeisha. Na usiwajaze unga kwa pupa ya kutaka wakue, nimeona matumbo yanavimba mpaka yanapasuka, mlo mdogo mara nyingi ni bora.

Wiki ya pili linakuja lingine, wanaanza kulana. Kuna wachache watakua haraka, unaona kichwa kikubwa kinapita katikati ya wadogo, huyo anaanza kwa kung'ata mikia na akizidi kukua anameza mwenzake mzima kuanzia kichwani. Kila siku mbili tatu wachambue, tumia beseni lililotobolewa matundu sawa sawa au kichujio, wadogo wanapita wakubwa wanabaki, wakubwa wawe na tanki lao. Ukiwa na tanki moja tu, basi hao wakubwa watoe hata umpe jirani, kumi hao wanamaliza mamia. Giza na shibe vinapunguza, haviondoi.

Wakifika wiki mbili hivi wanaweza kutoka nje kwenye bwawa la kulelea, na hapa naona watu wanamaliza kazi nzuri kwa haraka ya siku moja. Bwawa likauke kwanza, litiwe chokaa, samadi, halafu lijazwe maji siku nne tano tu kabla ya kuwaweka, likikaa na maji muda mrefu kabla yao kerengende wameshataga na vyura wameshahamia. Zungushia ukuta wa turubai au wavu mdogo wa urefu wa goti kuzuia vyura, na juu tandaza wavu wa ndege kwa sababu ya mdiria na korongo. Kenge nao wapo, hasa kwa wenye mashamba ya karibu na Ruvu.

Ukitaka kuona yanavyofanyika kwa macho, pale Mbegani kuna kampasi ya FETA, wale wa mafunzo ya uvuvi, nenda ukaulize mafunzo ya ufugaji samaki.

Wahamishe jioni jua likishapoa. Ndoo yenye vifaranga iweke ielee bwawani, kila baada ya dakika chache tia kopo la maji ya bwawa ndani ya ndoo, nusu saa hivi, halafu ilaze watoke wenyewe polepole, usiwamwage. Usiku huo usiwape kitu, watajikuta na moina wa humo bwawani. Kesho asubuhi anza kunyunyiza unga kona moja, kona hiyo hiyo kila siku, na ukae hapo uangalie wanavyokuja.